Siku Tulipofiwa na Vuli

Watu wa mtaa wetu hawaulizi nani amekufa. Wakiona turubai limesimama wanaingia ndani, wanafunga khanga, wanatoka, wanakuja kukaa. Jina la marehemu utalijua baadaye, pengine ukiwa umeshamenya nusu gunia la viazi. Nimekaa Temeke miaka ya kutosha kuyajua hayo. Nimewahi kumlilia mzee mmoja tangu asubuhi, na mpaka watu wanarudi makaburini ndipo nikagundua kwamba marehemu ndiye yule aliyekuwa akitutukana tukipita karibu na dirisha lake. Kwa hiyo mambo yaliyotokea shuleni kwetu siwezi kusema yalinishtukiza. Yalikuja yakipiga hodi na mimi nikayafungulia mlango.

Nafundisha darasa la sita. Katika vipindi vyangu kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote, cha Ijumaa baada ya uji, ambacho kwenye ratiba kimeandikwa mazingira. Humo ndimo ninamofundisha mabadiliko ya tabianchi. Nilipolichukua darasa lile niliwakuta watoto wanayajua vizuri sana. Uliza tu, darasa zima linakujibu kwa pamoja, kwa sauti ya kwaya: mabadiliko ya tabianchi ni mabadiliko ya muda mrefu ya hali ya hewa! Sasa uliza maana yake nini. Utasikia nzi wanavyopiga mbawa.

Mimi nimetoka Masasi. Mama yangu bado analima huko, na akinipigia simu salamu yake ya kwanza ni kuuliza kama huku kumenyesha, kana kwamba mvua ya Dar inaweza kuwekwa kwenye basi ikatumwa. Kwa watoto wangu wa darasa la sita mvua ni tope, ni viatu kuloa na ni ruhusa ya kutokuja shule. Nilikasirika. Mimi nina hasira za karibu, na nikikasirika huwa nabuni mambo.

Jambo la kwanza nililobuni lilikuwa la khanga. Nilimkalisha mtoto mmoja juu ya dawati nikamwambia yeye ni Dunia. Wenzake wakawa magari, viwanda, tanuri za mkaa na jalala linaloungua, na kila mmoja alipotaja moshi wake alimfunika Dunia kwa khanga moja aliyotoka nayo kwao. Shabaha ilikuwa Dunia aseme anasikia joto, nami nieleze jinsi hewa chafu inavyolizuia joto lisitoke. Lakini Dunia hakusema kitu. Tulimfunika mpaka khanga zikaisha, bado yuko kimya. Tulipomfunua alikuwa amelala fofofo, jasho linamtiririka mpaka shingoni. Jumatatu yake mama yake alikuja kuniuliza kwa nini katika darasa zima mwanawe tu ndiye awe Dunia.

La pili lilikuwa la barafu. Nilinunua mabonge ya barafu, nikayapanga juu ya mawe ndani ya beseni lenye maji, nikachora alama ya usawa wa bahari kwa chaki. Barafu ikiyeyuka watoto wataona bahari inavyopanda. Mwalimu mkuu akaniita ofisini. Sikukaa huko, nilikwenda na kurudi. Niliporudi bahari haikuwa imepanda hata unywele. Ncha ya Kaskazini ilikuwa imeliwa. Ncha ya Kusini ilikuwa mdomoni kwa kiranja, shavu limemtuna, na waliokosa walikuwa wakipigana kugombea visiwa vilivyobaki. Kelele zile zilimleta mwalimu mkuu mwenyewe, nyuma yangu, fimbo mkononi.

Mwalimu mkuu wetu ni mtu wa bara, mrefu, mwenye koti katika joto la Dar, na Kiswahili chake kimenyooka kama mstari wa rula. Anakaa Ukonga, kwenye lile gereza kubwa, na kwa sababu hiyo watoto wadogo wanaamini kwamba jioni anarudi kulala gerezani. Hakuwahi kukanusha. Siku ile alilitazama beseni, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "kwa nini usiandike tu ubaoni?"

"Mkuu, wakiandika wanakariri."

"Wakikariri wanafaulu. Sasa sikiliza. Kipindi hicho ukinipigia kelele mara nyingine, nakiondoa. Ijumaa yako naipa Hisabati."

Niliitikia kwa adabu nikaenda kulia chooni. Sioni aibu kusema hivyo. Kipindi kile ndicho kilichokuwa kikinifanya niamke Jumatatu. Nikakaa kimya, nikaandika ubaoni wiki baada ya wiki, watoto wakakariri, nzi wakapiga mbawa.

Baadaye mwalimu mkuu akaugua, akawa hafiki shuleni. Wakati huohuo nilitoa jaribio. Swali lilikuwa la kawaida tu: eleza maana ya vuli. Nilitarajia waandike kwamba ni mvua fupi za mwishoni mwa mwaka. Mtoto mmoja wa kike akaandika: vuli ni mvua ya zamani. Nikashika kalamu nyekundu nikashindwa kumkosesha. Vuli iliyopita ilikuwa imekwisha bila kunyesha, na mwaka uliotangulia ilimwagika mara moja, ikabomoa choo cha wavulana, ikaondoka. Nilimpigia simu mama nikamsomea lile jibu. Mama akasema mpe maksi zake zote huyo.

Ijumaa iliyofuata nikaliuliza darasa, "Vuli yuko wapi?"

"Amekufa!" wakajibu kwa pamoja, kwa sauti ileile ya kwaya.

"Kama amekufa, alizikwa lini?"

Yule aliyeandika kuhusu mvua ya zamani akanyoosha mkono. Huyu mtoto ana kipaji ambacho hakimo kwenye mtaala wowote: anaweza kulia. Ukimwambia lia, analia, machozi ya kweli, na akitaka ananyamaza hapohapo na kukuuliza kama anaweza kwenda kunywa maji.

"Mwalimu," akasema, "tumfanyieni msiba."

Nilijua ni hatari. Lakini mkuu hayupo, na mwalimu msaidizi wake nilipomuomba ruhusa alikuwa anapekua simu, akasema fanya tu. Nikafanya.

Wiki nzima darasa la sita walifanya kazi ambayo sijawahi kuiona. Walichagua ndugu wa marehemu. Masika akawa kaka mkubwa, mwenye hasira, ambaye naye siku hizi akija anabomoa nyumba za watu. Ardhi akawa mjane. Kiangazi akawa shemeji anayenyemelea kumrithi mjane kabla hata maiti haijatoka. Joto akawa mgeni aliyekuja kusalimia mara moja na mpaka leo hataki kuondoka. Walisoma vitabu bila kutumwa ili wajue marehemu alikufa kwa maradhi gani. Ugomvi ulikuwa mmoja tu, wa dini ya marehemu. Wengine walisema Vuli ni Muislamu kwa sababu anatokea upande wa bahari, kwa hiyo azikwe leo leo. Wengine wakasema ni Mkristo, kwa sababu bibi zao huko Kilimanjaro humwombea kanisani kila mwaka, kwa hiyo asubiriwe, ndugu wako safarini. Tulikubaliana kwamba watakuwepo shehe na padri, na kila mmoja atasema maneno machache.

Niliwaambia waje na khanga moja moja tutundike kwenye mwarobaini. Mama wa mtoto mmoja anakodisha turubai na viti. Asubuhi ya Ijumaa nikasikia gari limesimama nje, vijana wanashusha vyuma. Nikampigia mama yule simu.

"Mwalimu, wala usijali," akasema. "Wiki hii halina kazi, linanuka panya tu stoo. Acha lipigwe upepo."

Likasimamishwa uwanjani, karibu kabisa na uzio wa michongoma, upande wa barabara. Viti vikapangwa. Maiti, yaani mkeka uliokunjwa na kufunikwa khanga, ikalazwa katikati. Baada ya uji nikamwambia mtoto wangu wa kulia aanze. Akavuta pumzi.

"Vuliii! Umetuacha na naniii!"

Ile sauti ilitoka uwanjani ikaruka uzio ikaingia mtaani. Wenzake wakaidaka. Mjane akaanguka, akashikwa. Mimi nikaingia darasani kumchukua padri, ambaye alikuwa anavaa shuka la mama yake na limemshinda.

Nilipotoka, chini ya turubai walikuwepo watu wazima. Wa kwanza alikuwa mama aliyekuwa akiuza chapati getini, yule ambaye mwalimu mkuu alikuwa amemfukuza kwa kuwachelewesha watoto darasani. Amekaa chini, miguu ameinyoosha, khanga kichwani, analia kwa kwikwi. Nyuma yake wanawake wa nyumba za jirani walikuwa wanaingia mmoja mmoja, na wawili walikuwa wamebeba sufuria. Mjumbe wa mtaa wetu, mzee mwenye kofia iliyotariziwa, alikuwa ameshakaa mbele kabisa, mikono kwenye mapaja. Nikamkimbilia.

"Shikamoo mzee. Mzee, samahani, huu si msiba wa kweli."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Tunaonaga kama ndoto."

"Hapana mzee, hakuna aliyekufa."

"Najua," akasema kwa upole. "Siku ya kwanza kila mtu anasemaga hivyo hivyo. Lia, mwanangu. Lia utoe."

Nikamwendea mama chapati, nikachuchumaa. Nikamwambia dada, ni somo hili, ni mabadiliko ya tabianchi. Akanikumbatia akazidisha kilio. Akasema dunia hii ni somo kweli kweli. Nikawageukia watoto kuwaambia wanyamaze, lakini watoto wakiona watu wazima wanalia hawanyamazi, na hawa walikuwa wamefanya mazoezi wiki nzima. Nyuma ya madarasa moshi ukaanza kupanda. Wanawake walikuwa wamesimamisha mafiga, na mtu alikuwa ameleta mchele. Msiba ukishawashiwa moto huwezi tena kuuvunja. Nitawaambiaje watu warudi na mchele wao?

Hata hivyo, ilipokaribia adhuhuri bado hakuna aliyejua tunamlilia nani, wala hakuna aliyeona vibaya kutojua. Mjumbe alikwenda msikitini kwa swala ya Ijumaa. Mimi nikashukuru, nikadhani watapungua. Swala ilipokwisha alirudi na msikiti mzima. Alikuwa amewaambia kuna msiba shuleni, na huko msikitini ndiko lilikoulizwa lile swali ambalo chini ya turubai hakuna aliyeliuliza. Nani? Wakafikiri. Turubai la shule, walimu wana majonzi, watoto wanalia. Na mwalimu mkuu kwa muda mrefu hajaonekana. Jibu lilikuja lenyewe, na likaingia uwanjani kabla yao.

"Jamani, mkuu!" mama chapati akapiga ukunga. "Alinifukuzaga getini mie, jamani, lakini alikuwa mtu!"

Hapo nilipanda juu ya kiti. Nikapiga kelele kwamba mwalimu mkuu yuko hai. Watu wakanitazama kwa huruma nyingi. Wanawake wawili wakanishusha wakanimwagia maji kichwani.

Mjumbe akaona sasa kazi kubwa iliyobaki ni kumwambia mke wa marehemu. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwenye simu. Unamwambia mgonjwa amezidiwa kidogo, aje, na yeye anaelewa, na anakuja amevaa khanga ya kuomboleza. Mjumbe aliipata namba kwa mwalimu msaidizi, ambaye alikuwa amekaa safu ya tatu na amekwishaanza kuamini. Akapiga, akaweka sauti kubwa ili na wazee wengine wasikie.

"Mama, hujambo? Jikaze mama. Mwalimu amezidiwa kidogo."

"Mwalimu gani?"

"Mumeo, mama."

"Amezidiwa na nini? Si huyu hapa anakula."

Mjumbe akaiziba simu kwa kiganja. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Maskini," akatuambia. "Bado anamuona."

Akaondoa kiganja. Safari hii sauti iliyotoka ilikuwa nyingine, nzito, ya Kiswahili kilichonyooka. "Nani huyo anayezungumza?"

Simu ile ilirushwa. Ikatua kwenye mapaja ya mama chapati, ambaye hakungoja kujua ni nini, akainuka nayo akakimbia huku akilia kwa sauti mpaka kwenye mafiga, na kutoka kwenye simu ile marehemu aliendelea kuuliza nani huyo, nani huyo. Nusu ya watu waliruka uzio wa michongoma, na ile michongoma haijakatwa. Mimi ndiye niliyeichukua simu mwishowe.

"Mkuu, shikamoo. Ni mimi."

"Ni kipindi chako?" akauliza.

"Ndiyo, mkuu."

"Nakuja."

Nikajua Ijumaa yangu imekwenda. Kilichonifanya nisikimbie ni watoto tu. Walikuwa wamenyamaza, wamejipanga nyuma ya mkeka wao, Masika na Kiangazi wameshikana mikono kwa woga. Niliketi karibu nao. Watu waliokimbia walirudi kidogo kidogo, kwanza kwa kuona aibu, pili kwa sababu wali ulikuwa unaiva. Sasa walielewa kwamba mwalimu mkuu hajafa, wakanijia mmoja mmoja kuniuliza, basi nani? Nikawajibu, Vuli. Wakaulizana huyo ni wa nyumba ipi.

Alikuja na bajaji, pamoja na mkewe. Nilikuwa sijamwona tangu augue. Lile koti lilikuwa limebaki kubwa na yeye amebaki kidogo ndani yake. Alitembea polepole katikati ya viti, anamtazama kila mtu usoni, mjumbe, mafundi wa gereji ya jirani, wanawake wa mafiga, wazazi, walimu wenzangu, na kila aliyetazamwa alisema shikamoo au pole, hakuna aliyejua lipi linafaa. Akaketi kwenye kiti cha mbele kabisa. Ndicho cha mfiwa mkuu.

"Endeleeni," akawaambia watoto.

Shehe akasahau maneno yake. Padri alikuwa ameshikilia shuka. Yule mtoto wangu wa kulia ndiye aliyesimama, akakunjua karatasi ya wasifu wa marehemu, akasoma. Sauti ilikuwa inatetemeka, na mara hii hakuwa anaigiza.

"Marehemu Vuli alikuwa mdogo wake Masika. Kazi yake ilikuwa kuotesha kunde na mahindi ya muda mfupi na kujaza visima. Alikuwa mtu wa kufika kwa wakati. Bibi zetu walikuwa wanaandaa mashamba kabla hajapiga hodi. Baadaye akaanza kuugua. Dunia nzima ilipata homa kwa sababu ya moshi wetu, na yeye ikamwambukiza. Mwaka mmoja akachelewa, tukasema foleni. Mwaka mwingine akaja, akamwaga yote siku moja, akaondoka. Tukasema atarudi tu. Aliugua muda mrefu na hakuna aliyekwenda kumwona. Marehemu ameacha mjane, Ardhi, na watoto wengi wenye njaa."

Hakuna aliyepiga makofi. Msibani hawapigi makofi.

"Hilo la kwamba hakuna aliyekwenda kumwona," mwalimu mkuu akasema, "limeandikwa na nani?"

"Mie, mwalimu."

"Umelitoa kitabu gani?"

"Halimo kitabuni, mwalimu. Msibani wanasemaga marehemu aliugua muda mrefu. Sasa mie nikajiuliza, huo muda wote, watu wa msibani walikuwaga wapi?"

Mwalimu mkuu akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayekubaliana na wimbo. Kisha akasimama akatugeukia sisi watu wazima.

"Nimelala nyumbani na homa ya matumbo tangu shule ilipofunguliwa," akasema. "Mke wangu huyu hapa ni shahidi. Kutoka hapa mpaka Ukonga ni bajaji moja. Aliyekuja kuniona ni mwenye nyumba wangu, naye alifuata kodi. Kutoka kwenu nilipokea picha za mikono miwili iliyofungwa kuomba, kwenye simu. Zilikuwa nyingi. Leo nimekufa, na viti havitoshi."

Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kutuma ile mikono. Nilitamani ardhi, yule mjane, anifunike na khanga yake. Mjumbe alivua kofia akaikunja, akaikunjua.

"Mwalimu," akasema, "sie tulikuwa tunajipanga."

"Najua, mzee wangu."

"Mie nilikulilia," mama chapati akasema kutoka kwenye mafiga. "Kwa moyo wangu wote. Na ulinifukuza."

"Nilikusikia kwenye simu," mwalimu mkuu akamjibu. "Asante. Ulilia vizuri."

Hapo ndipo kicheko kilipotoka. Sijui nani alianza, lakini kilikwenda safu kwa safu mpaka nyuma, na mke wa mwalimu mkuu akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga. Mwalimu mkuu hakucheka. Aliwaambia watu wale, chakula cha msiba hakitupwi. Kisha akanipungia mkono nimfuate pembeni, chini ya mwarobaini. Nilikwenda nikiwa nimeshaandaa maneno ya kumkabidhi mwalimu wa Hisabati kipindi changu.

"Mwalimu," akasema, "umenizika."

"Nisamehe, mkuu."

"Kuzika tunajua wote. Hata hao watoto wanajua, umewaona, hawakuhitaji kufundishwa. Ijumaa ijayo usinizikie mtu. Nataka nione mgonjwa. Vuli huyo hajafa, bado anakuja kwa kujikokota. Wafundishe kuuguza."

"Ijumaa ijayo, mkuu?"

"Si ndicho kipindi chako?"

Nilimpenda yule mzee wakati ule, pamoja na rula yake. Alirudi chini ya turubai, akapewa sahani, akatangaza kwamba Ijumaa ijayo darasa la sita watakuwa na mgonjwa, na wote waliopo wamealikwa kuja kumjulia hali. Tutakuja mwalimu, watu wakaitikia kwa vinywa vilivyojaa wali. Mjumbe alisema atafika wa kwanza.

Ijumaa ilipofika tuliunganisha madawati tukapata kitanda. Vuli alikuwa yule mtoto wangu wa kulia, amefunikwa shuka, chupa ya maji inaning'inia kwenye kamba juu yake na mrija umebandikwa mkononi kwa plasta. Madaktari walikuwa wameandika dawa. Apunguziwe moshi kutwa mara tatu. Wasikate miti ya kando ya mto, na iliyokatwa ipandwe mingine, mpaka atakapopata nafuu. Takataka zisichomwe karibu na mgonjwa. Asipewe mkaa kabisa. Viti tulivipanga kutoka dirishani mpaka mlangoni, kwa ajili ya wageni.

Tukangoja. Niliwapigia simu. Mjumbe akanijibu yuko njiani, na nyuma yake nilikuwa nasikia redio ya sebuleni kwake. Mama wa turubai akasema yuko njiani. Mama chapati, ambaye siku hizo alikuwa amerudishwa getini, alinipungia mwiko kutoka pale pale, akasema anageuza hizi mbili za mwisho. Madaktari walianza kukaa kwenye viti vya wageni. Joto lilikuwa kali, na Vuli chini ya shuka lake alikuwa anatoka jasho, lakini hakulala.

Kisha mlango ukafunguka. Mwalimu mkuu aliingia na koti lake, kofia kichwani, mfuko wa machungwa mkononi, kama inavyompasa mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Alivua kofia. Alipita kwenye viti vitupu bila kuvitazama, akasimama karibu na kitanda.

"Shikamoo mwalimu," mgonjwa akasema kwa sauti ndogo. "Umekuja peke yako?"

"Marahaba," akajibu. "Wengine wako njiani."

Akavuta kiti karibu na kitanda, akaketi, akaanza kumenya chungwa.